Hadithi hupita barazani kwanza, ndipo niihakiki

Nahakiki kwa Kiswahili hadithi fupi za kisayansi zinazotoka kwa Kiingereza. Nyingi nazisoma kwa simu, katika Clarkesworld, jarida la Marekani lililoanza 2006, na Omenana, lililoanzishwa Nigeria 2014. Yote mawili husomwa bure, na hilo si dogo kwa anayehesabu bando.

Shuleni tulizoeshwa kupanga dhamira, wahusika, mandhari, kila kimoja na aya yake. Kwa hadithi fupi, ambayo kwa kipimo cha Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, haifiki maneno 7,500, uchambuzi huo huimaliza hadithi kabla msomaji hajaigusa. Mimi baraza ndilo lililonifaa.

Baada ya Magharibi, hapa Mji wa Kale, kahawa ikishamiminwa, nawasimulia wenzangu nilichosoma. Nakomea pale mambo yanapoanza kuharibika, halafu nasikiliza wanauliza nini. Hadithi moja ilikuwa ya mji unaoelea baharini. Ami mmoja, fundi mstaafu wa meli, akanikatiza: "Mwanangu, maji ya kunywa wayapata wapi?" Watu wa Mombasa tunaonunua maji kwa mtungi lazima tuulize hivyo! Niliisoma upya nikitafuta jibu, sikuliona. Mwandishi alikuwa ameeleza rangi ya mapazia ya mji ule, maji kayasahau. Uhakiki wangu ulianza na swali la ami.

Ya mtoto aliyeuza kumbukumbu za marehemu babake ilikwenda kinyume kabisa. Hakuna aliyejali mashine ya kuzinasa inafanyaje kazi. Walibishana kama kumbukumbu ni mirathi, na kama ni mirathi, mabinti wapate fungu gani. Basi mashine nikaipitia kwa sentensi moja, nafasi yote nikaipa ile familia.

Peke yangu huongeza jaribio moja: naiondoa sayansi nione kama hadithi imebadilika. Isipobadilika, nasema. Baadhi ya hadithi za Mirihi ni ugomvi wa ofisini uliovishwa helmeti.

Mwisho wa hadithi siutoi, wala nyota sigawi. Naandika jina la mwandishi, jarida na toleo, na kama Kiingereza chake ni kigumu naonya mapema. Wa baraza wasiosoma Kiingereza hudai mwisho wao papo hapo, na hao nawapa.