Mawe ya Mpakani

Somo la juma: Yoshua 22:9–34

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Sura hii huwa tunaipita haraka tukikimbilia ile ya 24, tukaseme na Yoshua kwamba mimi na nyumba yangu tutamtumikia Bwana. Juma hili tukae hapa. Vita vya kuitwaa Kanaani vimekwisha. Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase wameruhusiwa kurudi ng'ambo ya Yordani, kwenye milki waliyopewa na Musa. Walipofika mtoni wakajenga madhabahu kubwa, ya kuonekana kutoka mbali. Habari zikafika upande wa pili, na ndugu zao waliokuwa wamepigana bega kwa bega nao wakakusanyika Shilo, tayari kwenda kuwapiga, wakidhani wamemwasi Mungu.

Wenyewe kwa wenyewe, kisa mawe yaliyopangwa kando ya mto.

Iko habari ya zama zetu inayonisaidia kuisoma sura hii. Kati ya Greenland na kisiwa cha Ellesmere cha Kanada, kaskazini kabisa mwa dunia, upo mlango wa bahari wa Nares. Katikati yake, kama kilomita 18 kutoka kila ng'ambo, limejitokeza jabali lenye ukubwa wa kilomita ya mraba moja na kidogo. Halina mti wala mkazi, na sehemu kubwa ya mwaka bahari inayolizunguka huwa imeganda. Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, wanaliita Tartupaluk. Ramani nyingi zinaliita kisiwa cha Hans. Mwaka 1973 Kanada na Denmark, inayotawala Greenland, zilikubaliana mstari wa kugawana sakafu ya bahari. Mstari ulipofika ukingoni mwa jabali ukakatwa, kisha ukaanza tena upande wa pili. Jabali lenyewe likabaki bila mwenyewe, kwa kuwa kila mmoja alisema ni lake.

Mwaka 1984 Tom Høyem, waziri wa Denmark aliyeshughulikia mambo ya Greenland, alifika pale kwa helikopta, akasimika bendera na kuacha chupa ya pombe kali. Wakanada nao walipofika walisimika ya kwao na kuacha wiski. Mchezo ukaendelea miaka na miaka, watu wakauita vita vya wiski. (Najua baadhi yenu hamtapenda chupa ziingie kwenye tafakari. Mnivumilie, sikuzipeleka mimi.) Julai 2005 mambo yalipoteza utani kidogo. Wanajeshi wa Kanada walipandisha bendera na kujenga inuksuk, ile nguzo ya mawe ambayo tangu zamani Wainuit huijenga kuwa alama ya njia. Siku chache baadaye Bill Graham, waziri wa ulinzi wa Kanada, akafika mwenyewe kukanyaga jabali lile, na Denmark ikapeleka malalamiko rasmi.

Jabali halikuwa na faida yoyote ya kuonekana. Ni nini basi kilichowashika hivyo? Kanada inajitambulisha kwa kaskazini yake. Hata wimbo wa taifa, kwa Kiingereza, unaitaja kaskazini. Denmark bila Greenland ni nchi ndogo kuliko mkoa wa Morogoro. Pamoja na Greenland ufalme wake una zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili. Kila mmoja aliogopa kwamba akiachia jabali, kesho ataulizwa na mengine.

Na hofu ndiyo iliyojenga madhabahu ya Yordani. Sikilizeni wanavyojieleza katika aya ya 24 na 25. Hawakutaka kutoa sadaka pale, wala hawakumwasi Mungu. Waliogopa kwamba siku moja wana wa upande wa magharibi watawaambia wana wao kuwa mto ni mpaka, kwa hiyo ninyi hamna fungu katika Bwana. Ni hofu ya mzazi. Siwezi kuicheka, maana inaeleweka. Mtu hupigania kipande cha ardhi kisichoota hata mchicha kwa sababu anawaza mwanawe atakavyoitwa na majirani yeye akishaondoka.

Lakini hofu ya kupoteza jina ikishika serikali, kuna watu hulipa. Huko kaskazini walilipa Wainuit.

Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilichukua familia kutoka Inukjuak, huko Quebec, ikazipeleka kama kilomita 2,000 kaskazini: nyingine Resolute, nyingine kisiwani Ellesmere, mahali ambapo leo ni kijiji cha Grise Fiord. Waliahidiwa mawindo tele, na kwamba wasipopapenda watarudishwa baada ya miaka miwili. Walikofikishwa jua huzama mwishoni mwa Oktoba na halionekani tena hadi Februari, jambo ambalo kwao hawakulijua. Ahadi ya kurudishwa haikutimizwa. Tume ya Kifalme iliyochunguza jambo hilo ilieleza mwaka 1994 kwamba kutaka kuonyesha mamlaka juu ya eneo lile kulikuwa miongoni mwa sababu. Waliopelekwa wana maneno yao wenyewe: tulifanywa milingoti ya bendera.

Mwaka huohuo wa 1953, upande wa pili wa bahari hiyohiyo, Denmark iliwahamisha Wainughuit, yaani Wainuit wa kaskazini mwa Greenland, wa Uummannaq ili kupisha kambi ya ndege za kivita ya Wamarekani ya Thule. Wakaenda kuanza upya Qaanaaq. Waziri mkuu wa Denmark aliwaomba radhi mwaka 1999. Kanada iliomba radhi mwaka 2010.

Yule Hans ambaye jabali lina jina lake naye alikuwa Mwinuit. Kwa jina la kwao aliitwa Suersaq, kwa jina la ubatizo Hans Hendrik, mwindaji wa kusini magharibi mwa Greenland aliyelelewa katika jumuiya ya Wamoraviani. Wasomaji wa Mbeya na Tabora wameinua vichwa, najua. Ndiyo, ni walewale: wamisionari wa kanisa hilo walifika Greenland mwaka 1733, miaka 158 kabla wenzao hawajafika Rungwe. Suersaq aliongoza misafara ya wazungu waliotaka kuifikia ncha ya dunia. Oktoba 1872, wakati wa dhoruba, watu 19 wa meli ya Polaris walitengana na meli yao wakabaki juu ya pande la barafu. Suersaq alikuwamo, pamoja na mkewe na watoto wao wanne, mmoja akiwa mchanga wa miezi miwili. Barafu iliwachukua zaidi ya kilomita 2,500 kuelekea kusini, ikimeguka na kupungua chini ya miguu yao, mpaka meli ilipowaokoa mwishoni mwa Aprili 1873. Suersaq na Mwinuit mwenzake, Ebierbing, waliwinda sili wakawalisha wote. Hakufa hata mmoja.

Nikisoma habari hiyo kisha nikafikiria chupa na bendera, najiuliza ni nani hasa aliyekuwa na fungu pale. Wawindaji wa kaskazini mwa Greenland walikipanda kisiwa kile kutazama barafu na kutafuta mawindo tangu kabla ya serikali yoyote kukiandika kwenye ramani.

Makubaliano yalikuja tarehe 14 Juni 2022 mjini Ottawa. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine miezi minne nyuma, na mawaziri walisema wazi kwamba wanataka dunia ione mipaka ikiamuliwa kwa namna nyingine. Jabali liligawanywa karibu nusu kwa nusu kwa kufuata ufa wa asili uliomo ndani yake. Bahari nayo ikawekewa mpaka wa kilomita 3,882. Wakabadilishana chupa kwa mara ya mwisho. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba waziri mkuu wa Greenland wa wakati huo, Múte Bourup Egede, ambaye ni Mwinuit, alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi, na pande zote ziliahidi kwamba wakazi wa Avanersuaq, upande wa Greenland, na Nunavut, upande wa Kanada, wataendelea kupita na kuwinda kama walivyozoea.

Nisiwasifu kupita kiasi. Ni mataifa mawili tajiri, marafiki, wanachama wa muungano mmoja wa kijeshi, na jabali halina mkazi wa kumwaga damu yake. Hata hivyo iliwachukua miaka 49.

Shilo hawakungoja hivyo. Walimtuma kuhani Finehasi na wakuu kumi. Na Finehasi hakwenda kwa upole. Alifika akishutumu, akawatajia dhambi ya Peori na ya Akani. Ila katikati ya ukali ule, aya ya 19, alitamka neno ambalo sijamsikia mjumbe yeyote wa mpaka akilitamka: kama nchi yenu mnaiona najisi, vukeni mje kwetu, mkapate milki kati yetu. Yaani tutajibana, tutawamegea yetu, mradi tusiwapoteze. Halafu akanyamaza akasikiliza jibu. Kusikia wanachokiogopa wenzake kukampendeza, akarudi, na habari ya vita ikaishia hapo. Madhabahu haikubomolewa.

Basi tuisome sura hii nyumbani, tukianza aya ya 9. Tuwaombee Wainuit wa pande zote mbili, na wazee wa Grise Fiord ambao bado wana makaburi ya wazazi wao mbali na Inukjuak. Na kama kati yetu yuko mwenye shauri la kiwanja au bikoni na ndugu yake, aisome aya ya 19 mara mbili kabla hajaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.