Fangasi wa vidoleni: nilivyowatibu huku nikiendelea kuosha malori

Naosha malori hapa Malaba, upande wa Uganda. Gari likitoka Mombasa linafika limejaa vumbi na tope la njia nzima, na madereva wengi hutaka lioshwe kabla ya kuendelea Kampala au Kigali. Kwa hiyo nashinda ndani ya gambuti tangu asubuhi, na maji ya presha huruka yakaingia kwa juu. Kuanzia Machi hadi Mei mvua nayo inaongeza yake. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa kazi za maji, walinzi na wanaovaa buti siku nzima, kwa sababu tatizo hili linatibika bila kuacha kazi.

Lilianzia kati ya kidole cha mwisho na kinachofuata, mguu wa kushoto. Ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa na kulegea, ukiigusa inabanduka, na chini yake palikuwa pekundu na ufa mdogo uliochoma kila sabuni ilipoufikia. Jioni nikivua gambuti kuwashwa kunazidi, mpaka nasugua mguu kwenye ukingo wa kitanda. Wenzangu wengine walisema ni funza. Funza huku tunamjua: anaacha nukta nyeusi katikati ya uvimbe, mara nyingi karibu na kucha. Kwangu hapakuwa na nukta.

Dereva mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alinishauri nipake dizeli. "Kijana, itakauka tu." Lakini nilishamwona mwenzetu aliyejimwagia maji ya betri kwa ugonjwa huohuo. Ngozi iliungua, akakaa muda mrefu hawezi kuvaa kiatu. Nikamshukuru mzee, nikaenda duka la dawa.

Sista niliyemkuta pale aliniambia nivue kiatu kwanza. Alitenganisha vidole akaangalia, kisha akauliza kama nina kisukari, na kama mguu umevimba au una joto. Alisema mwenye kisukari asijitibu mwenyewe ufa wa mguuni, aende kituo cha afya, na vivyo hivyo yeyote ambaye mguu umekuwa mwekundu, una joto na unauma, kwa kuwa bakteria hupitia kwenye nyufa hizo.

Akanipa krimu ya klotrimazole ya asilimia 1, ya kupaka asubuhi na jioni. Alinionyesha pia terbinafini ya asilimia 1, ambayo kwa vidoleni mara nyingi hutosha wiki moja, ila bei yake ilikuwa juu. Nikachukua ya kwanza.

Jambo alilolisisitiza, na mimi naomba mlishike, ni zile tyubu zilizochanganywa na steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Watu wanazipenda kwa sababu zinatuliza kuwashwa upesi. Kumbe steroidi inapunguza kinga ya ngozi pale ilipopakwa. Wekundu unafifia huku fangasi wanatambaa kuelekea unyayoni na kwingineko, na baadaye hata daktari anapata shida kuwatambua. Kabla ya kulipa, soma maandishi yote ya kwenye boksi, hata yale madogo.

"Mwanangu," akaniambia, "ukiipaka juu ya maji, umepaka maji."

Kwa maoni yangu nusu ya tiba ilikuwa hapo. Jioni nilikuwa naosha miguu kwa sabuni, nafuta kati ya kidole na kidole kwa kitambaa changu peke yangu, halafu nakaa mkekani miguu ikipigwa na upepo hadi nikipitisha kidole hakinati tena. Ndipo napaka, kidogo tu, kuanzia kwenye ngozi nzima nikiingia ndani hadi palipoharibika, kisha nanawa mikono. Asubuhi vilevile. Nilivaa soksi za pamba na kubeba jozi nyingine ya kubadilisha mchana. Pia nilinunua gambuti za pili sokoni, za mtumba, ili moja ikivaliwa nyingine ikauke na gazeti ndani. Hiyo iliniuma mfukoni kuliko dawa yenyewe, lakini buti lililolala na maji ukilivaa tena, unawarudishia fangasi makao yao. Na nilianza kuvaa soksi kabla ya nguo ya ndani, maana nguo ikiburuzwa juu ya vidole vyenye fangasi inawapandisha hadi kwenye mapaja.

Kuwashwa kuliisha mapema, ngozi bado inabanduka. Hapo ndipo wengi huweka tyubu kando, na ndivyo alivyofanya jirani yangu wa kazini; mvua zilipokolea yakamrudia yote. Klotrimazole kazi yake kubwa ni kuwazuia fangasi wasikue, na ngozi inahitaji muda kuwasukuma nje inapojibadilisha. Sista alinipa kipimo kimoja cha kushika: vidole vikishapendeza kabisa, endelea kupaka wiki mbili zaidi. Nikaendelea, hata siku ambazo sikuona cha kupaka. Msimu wa mvua umepita na vidole viko safi, ingawa gambuti mbili na kitambaa changu sijaviacha.

Kilichobaki ni ukucha wa kidole gumba, umekuwa mnene na wa manjano. Krimu haipenyi ukucha wa namna hiyo. Kituo cha afya wamesema wataukwangua kidogo wauangalie kwa hadubini kwanza, kwa kuwa si kila ukucha mnene ni fangasi, na vidonge vyake humezwa kwa wiki nyingi na vinaweza kugusa ini. Wiki ijayo naenda kukwanguliwa.