Nilivyowatenganisha mbu wanaofanana kisiwani Pemba

Nilikuwa nachora ramani ya mbu wa malaria. Chini ya darubini, madoadoa ya miguuni na alama za mabawa zilinitosha kujua kwamba mbu niliyemshika ni wa kundi la Anopheles gambiae. Hapo ndipo jicho linapokomea. Ndani ya kundi hilo wamo Anopheles gambiae mwenyewe, Anopheles arabiensis na Anopheles merus, wanaofanana kabisa kwa umbo lakini wanatofautiana kwa tabia: wa kwanza hupenda kumuuma mtu aliyelala ndani, wa pili humuuma mtu na ng'ombe na mara nyingi huko nje, na wa tatu huzaliana katika maji ya chumvi. Vyandarua na dawa ya ukutani vimempunguza sana wa kwanza hapa Zanzibar, na arabiensis amekuwa ndiye wa kuhangaikia zaidi. Ramani inayowaweka wote chini ya jina moja haimwambii mpiga dawa lolote la maana.

Katika kila shehia nilianza kwa sheha, ambaye kwa kawaida alinikabidhi kwa kijana anayeyajua madimbwi kuliko ramani yoyote ya serikali. Mabondeni kwenye mpunga tulichota kwa upawa, tukachagua viluwiluwi vinavyolala sambamba na uso wa maji, kwani vile vya Culex, mbu wa jamii nyingine, huning'inia kichwa chini. Kwenye mikoko ya upande wa Micheweni tulisubiri maji ya bamvu yapwe, ndipo tukapima chumvi ya vidimbwi vilivyobaki. (Humo mikokoni yumo pia Aedes pembaensis, aliyepewa jina la kisiwa chetu, ambaye hutaga mayai yake juu ya kaa, sikumhitaji, lakini sikuweza kumpita bila kumtazama.)

Wenzangu walinishauri niandike merus kila penye chumvi na arabiensis kila penye maji baridi. Nilikataa, kwa sababu arabiensis huweza kustahimili maji yenye chumvi kiasi, na merus naye huonekana mbali na pwani. Chumvi niliiandika kama sifa ya dimbwi, na jina la mbu nikaliachia maabara.

Viluwiluwi nilivilea katika vikopo vilivyofunikwa kitambaa cha chandarua hadi vikawa mbu kamili. Kila mbu nilimkausha katika kichupa chenye silika, chembe za kufyonza unyevu, na namba yake nikaiandika kwa kalamu ya risasi, maana wino hufutika. Maabara huhitaji mguu mmoja tu: kipimo cha vinasaba kinachotumika tangu 1993 hutoa kipande chenye urefu wa herufi za vinasaba 315 kwa arabiensis, 390 kwa gambiae na takriban 465 kwa merus.

Kuchora ramani ndiko kulikonichukulia fikra nyingi zaidi. Mbu aliyenaswa kwenye mtego wa taa huenda ameruka kutoka mbali, hivyo kumchora kana kwamba amezaliwa mlangoni pa nyumba ile ni kumpotosha msomaji. Nilitumia duara kwa mazalio na pembetatu kwa mitego, kila aina ya mbu ikiwa na rangi yake, na sampuli zilizoshindwa kutoa jibu nikaziacha nyeupe, ingawa niliombwa nizijaze kwa kufuata jirani zake. Wanaotia dawa ya viluwiluwi sasa wanayafuata maduara peke yake, na kwa yale ya mikokoni wanapanga siku zao kwa kalenda ya bamvu.