Mfuko wa kumuenzi marehemu kwa kusomesha: hesabu kwanza

Baada ya arobaini, familia nyingi huwaza kumuenzi marehemu kwa kumsomesha chuo mtoto asiye na uwezo. Ni wazo jema mno, na inauma kuona linavyokufa mwaka wa pili, mwanafunzi akiwa katikati ya masomo. Chanzo karibu kila mara ni ahadi kubwa kuliko mfuko na malipo yanayofika wakati usiofaa.

Shahada nyingi hapa Tanzania ni miaka 3 au 4. Mkimchukua mwanafunzi, mmejifunga hadi amalize. Kwa Sh milioni 9, msomesheni mmoja wa shahada ya miaka 3 kwa milioni 3 kila mwaka, kisha mfuko ufungwe kwa heshima. Mkitaka jina la marehemu lidumu, mtaji usiguswe kabisa. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, mnaweza kununua kuanzia milioni 1, na riba hulipwa kila baada ya miezi 6. Tuseme riba ni asilimia 12: milioni 20 zitawaletea milioni 2.4 kwa mwaka. Msizitumie zote. Rudisheni laki 4 kwenye mtaji kila mwaka, maana ada itapanda na riba yenu itabaki palepale.

Fedha zisikae kwenye akaunti ya mtu mmoja, hata kama ni kaka mkubwa anayeaminika na wote. Siku akifariki, zitachanganyika na mirathi yake. Sajilini bodi ya wadhamini RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wakati mnasubiri, fungueni akaunti ya watia saini watatu, na wawili watoshe kutoa fedha.

Kumpata mhitaji wa kweli ndiko kugumu zaidi. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa haitoshi, karibu kila anayeiomba huipata. Vyenye uzito ni cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, na uthibitisho kwamba kaya iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Lakini yupo mtoto ambaye baba yake yu hai, alitoroka miaka kumi iliyopita, na hana cheti chochote cha kuonyesha. Huyo ndiye anayeachwa mara nyingi. Kwake ombeni barua ya afisa ustawi wa jamii, kisha mpigieni mkuu wa shule aliyosoma na kumuuliza nani alikuwa akihudhuria vikao vya wazazi.

Kama ana mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, afungue mbele yenu akaunti yake ya mtandaoni ya bodi hiyo, SIPA. Pale mkopo umegawanywa: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo. Wengi hupewa sehemu tu ya ada. Zibeni pengo lililobaki. Kwa njia hiyo mfuko uliokuwa wa mmoja unaweza kubeba wawili.

Ada msimtumie kwenye simu. Atoe namba ya kumbukumbu ya malipo kwenye akaunti yake ya chuo, nanyi mlipe moja kwa moja, kabla dirisha la usajili halijafungwa. Na msilipe ada peke yake. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kukwama kwa bima ya afya ya NHIF ya Sh 50,400 au Sh 20,000 za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, huku ada imelipwa yote. Asiposajiliwa, hafanyi mtihani. Bumu, fedha za kujikimu za mkopo, nalo haliji hadi asaini, na mara nyingi wiki kadhaa baada ya chuo kufunguliwa. Laki 2 au 3 za chumba na chakula mkononi mwake wiki ya kwanza zina msaada kuliko milioni moja ya Januari.

Kama mmeweka sharti la GPA (wastani wa alama) ya 3.5, lifuteni. Chuo chenyewe kinamruhusu kuendelea akiwa na 2.0, na muhula wa kwanza huwaangusha hasa waliotoka shule zisizo na maabara wala kompyuta. Akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, mpeni muhula mmoja wa kujirekebisha, na mwombeni nakala ya matokeo kila muhula.

Akiahirisha mwaka kwa ugonjwa au ujauzito, nafasi yake ishikiliwe. Hilo liandikwe kwenye katiba ya mfuko kabla hamjamchagua mwanafunzi wa kwanza.