Nimeziingia Hoteli za Kisumu kwa Mlango wa Nyuma

Kazi yangu ni kutengeneza friji na friza. Hoteli nyingi za Kisumu naziingia kwa mlango wa nyuma nikiwa na begi la spana na mtungi wa gesi, na kabla sijasoma kilichoandikwa ubaoni nimeshaona sinki, gunia la makaa na kila kinachogandishwa. Ndiyo maana wageni wakiniuliza wale wapi, siwezi kuwatajia sehemu moja ya samaki ufuoni kisha nikanyamaza. Samaki ni wetu na tunajivunia. Lakini mji huu una masufuria mengi zaidi ya hayo, na yaliyo matamu kuliko yote nimeyakuta katika vibanda visivyo na friji hata moja.

Hili la friji lina maana yake. Anayeuza samaki hana budi kuwa na friza au barafu, maana samaki hangoji. Stima ikipotea usiku kucha, asubuhi simu yangu inalia kabla ya jogoo. Mama anayepika mboga za kienyeji Manyatta au Nyalenda hanipigii kamwe. Ananunua mboga alfajiri, anaambua na wasaidizi wake wakipiga gumzo, anabandika, na kufikia saa nane mchana sufuria ziko chini zinaoshwa. Kinachobaki hurudishwa motoni jioni na kuongezwa maziwa. Moto ndio unaomhifadhia.

Na ninaposema mboga simaanishi sukuma wiki. Nasema mboga za majani kwa majina ya Kijaluo: osuga, dek (mgagani), apoth, bo (majani ya kunde), mitoo na susa (majani ya maboga). Osuga, ile wengi wanayoiita managu, ni chungu, na mpishi asiyeijua huificha kwa nyanya na mafuta mengi. Anayeijua huichemsha, humwaga maji ya kwanza, hutia maziwa na kuiacha itokote taratibu. Kesho yake anatia maziwa tena. Siku ya pili ndiyo siku yake hasa: uchungu umelainika lakini haujatoroka, na maziwa yameganda kwenye majani. Mimi ni mtu wa Butere. Nyumbani tulikula mrenda uliochanganywa na majani ya kunde, ukalainishwa kwa chumvi ya majivu ambayo nyanya yangu aliichuja mwenyewe. Nilipokuja Kisumu kujifunza ufundi nikakuta mrenda uleule unaitwa apoth, umepikwa na mitoo, nikajua nitaishi hapa bila shida.

Ule na ugali gani? Sembe nyeupe ipo kila mahali, sina ugomvi nayo. Lakini uliza kama kuna ugali wa kahawia, ule wa unga wa mtama na muhogo. Ni mzito, unashika mkono, una ukakasi kidogo unaopatana na maziwa ya mboga. Kuna kibanda kimoja Manyatta ambako mama akiniona nimepita na begi huniita, "Fundi, kaa kwanza ule, friji za watu hazitakimbia." Sahani ya mboga aina mbili na ugali huo hainigharimu zaidi ya shilingi 150. Naketi kwenye benchi kati ya mtu wa bodaboda na karani aliyefunga tai, na hakuna anayeuliza mwenzake ametoka wapi.

Kinachoniuma ni hoteli kubwa mpya za katikati ya mji. Zina vioo, zina muziki, zina friza nzuri ninazozipenda kama fundi. Halafu mboga ya kienyeji inaletwa kijiko kimoja pembeni ya sahani, kama pambo, na chipsi zimejaa hadi ukingoni. Mgeni anarudi Nairobi akidhani ndivyo tunavyokula. Wapishi wanaojua osuga wako palepale mjini, dakika kumi kwa bodaboda. Waajiriwe, wapewe sufuria kubwa!

Haya, samaki. Nenda Dunga, uone boti zikirudi na hoteli za mbao zilizo karibu na mafunjo. Ngege, yaani tilapia, achaguliwe mbele yako: mashavu mekundu, macho maangavu, nyama ikibonyezwa irudi. Ukipewa nafasi ya kutazama ndani ya friza, angalia chini. Barafu yenye rangi ya damu sakafuni mwa friza maana yake iliwahi kuyeyuka ikaganda upya, na samaki waliomo wamepitia hayohayo. Pia uliza ametoka wapi. Siku hizi kuna ngege wa ziwani, kuna wa vizimba vinavyoelea humohumo ziwani, na kuna wale wa maboksi waliogandishwa kutoka Uchina. Wa vizimba si mbaya hata kidogo. Ila mwenye hoteli akisitasita kukujibu, agiza maharagwe.

Wengi wenu mnakumbuka Lwang'ni, ule mstari wa vibanda vya samaki karibu na maji, moshi kila mahali, kila mama akikuita kwake. Vilibomolewa wakati bandari ilipokuwa ikifufuliwa. Naelewa kwamba bandari inahitajika. Bado nasikitika, kwa sababu pale hapakuwa na mkahawa mmoja, palikuwa na mikono mingi tofauti: huyu anakaanga hadi mifupa inavunjika mdomoni, yule anaweka nyanya na dania tu, mwingine anachemsha kwa wazee waliokatazwa mafuta. Wengine wamejipanga upya sehemu nyingine za mji. Wengine sijawaona tena, na mapishi yao wameondoka nayo.

Mahali ambapo wageni hawapelekwi ni Obunga. Mbuta, wale wanaoitwa pia sangara, waliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950, na viwanda vilipokuja kuwachakata, minofu ikawa inasafirishwa hadi Ulaya. Mjini kikabaki kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo kidogo: mgongo wazi. Kina mama wa Obunga waliuchukua, wakaukaanga kwenye makarai makubwa juu ya moto wa kuni, wakalisha nao mitaa mizima. Siusifu umaskini. Mtoto wa ziwa alistahili mnofu pia. Lakini nimekula mgongo wazi uliotoka kwenye mafuta muda huohuo, ukakamuliwa ndimu, ukaliwa na ugali moto, na yeyote anayeandika habari za chakula cha Kisumu akauruka ule mtaa ameandika nusu tu.

Omena, yaani dagaa, nao wana kalenda yao. Uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo ukiagiza Mei ujue unakula waliokaushwa zamani. Subiri Agosti.

Katikati ya mji kuna jikoni za aina nyingine kabisa. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na pamoja nayo familia za Kihindi zilizofungua maduka na kulima upande wa Kibos. Hoteli zao za mboga tupu bado zipo. Katika mojawapo niliombwa kwa upole niache nje mkebe wangu wa chakula, kwa kuwa ulikuwa na nyama. Niliuacha, nikatengeneza friji ya maziwa, kisha nikakaribishwa dengu na chapati nyembamba iliyopakwa samli. Ukweli ni kwamba chapati na chai ya maziwa, ambavyo kila kibanda cha Kondele kinauza kana kwamba viliota hapa, vilipitia jikoni kama hizo. Na Kaloleni, kwa majirani Waislamu, utapata mahamri asubuhi na pilau Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuzama, pita pale na mfuko mkubwa.

Kondele ni ya jioni. Nyama choma, mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu), mayai na kachumbari, mahindi ya kuchoma, vyote kando ya barabara. Sina mengi ya kusema kuhusu nyama choma, kila mji wa Kenya una yake.

Ninachopenda zaidi ni namna chakula kinavyobadilika ukitoka nje ya mji. Shika barabara ya Kakamega, pita Mamboleo, panda hadi Kiboswa, pale Kisumu, Vihiga na Nandi zinapokutana. Kwenye meza moja utakuta kuku wa kienyeji aliyechemshwa polepole mchuzi ukawa wa manjano kwa mafuta yake mwenyewe, na pembeni maziwa lala yaliyotoka upande wa Nandi. Kuku huyo haliwi kwa haraka. Agiza, kanunue ndizi, urudi. Kwa kabila langu, Waluhya, mgeni asiyepewa kuku hajakaribishwa, na wapishi wa Kiboswa wanalichukulia jambo hilo kwa uzito uleule ingawa unalipa.

Barabara ya Nairobi inakupeleka Ahero. Huko ni wali. Skimu ya umwagiliaji imekuwepo tangu miaka ya 1960, na hoteli za pale zinapika mchele uliotoka kwenye shamba unaloliona dirishani. Sufuria ikifunuliwa harufu inakuja hadi barabarani. Wali huo na samaki wa mchuzi, au na maharagwe tu, unatosha kumfanya dereva wa lori asimame hata kama amechelewa. Na kwa kuwa barabara ya Kisii inaingilia hapohapo, kuna ndizi za kupika, ambazo mjini utazitafuta sana.

Kama una siku moja tu, iwe Jumapili, na uanzie Kibuye. Ndiyo siku kuu ya soko hilo. Ingia upande wa vyakula, ukitanguliza uji wa wimbi uliotiwa ndimu na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa hadi yakapasuka. Zunguka, tazama wanunuzi wa mboga wanavyopekua mafungu ya dek, muulize mmoja wao anapika wapi, na umfuate huko mchana. Ufike kabla ya saa saba. Mitoo ndiyo inayokwisha kwanza.