Nyekundu ya zulia la Kituruki

Ukiingia duka la mazulia Kariakoo ukauliza la Uturuki utaletewa chap, ila mengi ni ya mashine na sina ugomvi nayo, hata sebuleni kwetu lipo. Leo nataka kuongelea yale ya mkono, hasa rangi zake, maana watu wakiyasifia wanakimbilia kuhesabu mafundo. Sawa, Hereke, kile kiwanda kilichoanzishwa enzi za Sultani Abdülmecid miaka ya 1840, zulia lake la hariri linafika mafundo 100 kwenye sentimita moja ya mraba, macho lazima yaume, lakini mi zulia la sufu la kijijini lenye rangi iliyotulia ndo linanimaliza.

Ile nyekundu inatoka kwenye mizizi ya mmea ambao Waturuki wanauita kökboya. Mizizi inachimbwa, inakaushwa, inasagwa, na sufu inachemshwa kwanza na shabu ili rangi ishike, bila shabu unajisumbua tu. Bluu ni nili, na hiyo ina vituko: sufu inatoka kwenye pipa ikiwa kijani kijani, ikipigwa na hewa inageuka bluu unaiona hivi hivi.

Sasa mwaka 1856 William Perkin wa Uingereza akapata zambarau ya kemikali, 1868 Wajerumani Graebe na Liebermann wakatengeneza alizarini, yaani ile ile rangi iliyomo kwenye mizizi, na nani tena ahangaike kuchimba wakati rangi ya pakiti ipo sokoni? Vijiji vikahamia huko, na zile za mwanzo nyingine zilikuwa balaa, zinapauka juani, zinachuja zikifuliwa, na ujuzi wa mababu ukaanza kupotea sehemu nyingi.

Aliyehangaika kuurudisha ni Harald Böhmer, mwalimu wa kemia Mjerumani aliyekuwa anafundisha Istanbul. Akapima rangi za mazulia ya zamani ajue zimetoka mmea gani, na mwaka 1981 mradi wa DOBAG, wa kurudisha rangi za mimea, ukaanza vijijini Ayvacık, baadaye Yuntdağ, zote magharibi mwa Uturuki, na huko Yuntdağ kinamama walikuwa na ushirika wao. Tena walifuma michoro ya kwao, siyo ya kuletewa na tajiri wa mjini.

Ukikutana na zulia kuukuu, tenganisha nyuzi kwa vidole uangalie chini kwenye fundo. Ncha zimepauka kabisa na chini bado kunawaka? Mara nyingi hiyo ni rangi ya pakiti, na muuzaji akikwambia ni mizizi mpunguzie bei hapo hapo.