Siku ya Kunyolewa Nusu

Jana usiku ndugu yangu mdogo aliniwekea daftari la Masomo ya Jamii mapajani. Swali la mwisho: taja njia tatu za kudumisha amani wakati wa uchaguzi. Mbili alikuwa ameshaandika, kuvumiliana na kuheshimu sheria. Alitaka ya tatu ili akalale. Nilikaa na kalamu yake mkononi mpaka akaniuliza kama nimesinzia.

Nilikuwa nimerudi kwa kinyozi, Alhamisi ile ya Agosti 2022, siku mbili baada ya kupiga kura.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilikuwa ikipakia kwenye tovuti yake picha za fomu 34A, fomu za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote aliweza kuzifungua. Lakini zilikuwa picha tu, hazikuwa na jumla. Kila chombo cha habari kikaketisha vijana wake wakaanza kuzijumlisha, wengine wakianzia kaunti hizi, wengine zile. Ndiyo maana saa ileile stesheni moja ilimweka Ruto mbele na nyingine Raila. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Ila tarakimu zilijaa runinga nzima kwa rangi, na maelezo ya kwa nini zinatofautiana yalipita mbio, kama yalipita kabisa. Hilo bado linaniuma.

Kwa kinyozi iliwashwa stesheni moja. Katika hoteli iliyo ng'ambo ya barabara iliwashwa nyingine. Jumatano watu walikuwa wakiitana kwa utani, "Njooni huku muone kura zenu!" Kufikia Alhamisi utani ulikuwa umeisha. Wa upande wetu hawakuvuka tena kwenda kunywa chai.

Na sisi ni watu wa Nakuru. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni miguu ya watu waliolala sebuleni, na mama akizima redio. Shangazi alikuwa amepitia uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya waliofurushwa, kabla ya kutufikia. Siku matokeo yalipotangazwa, tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na uvumi wa simu ukachukua nafasi ya habari. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini kabla Rais Kibaki na mpinzani wake Raila hawajatia saini mkataba tarehe 28 Februari. Kwa mama, amani ilibaki kuwa ule ukimya wa redio iliyozimwa. Kila uchaguzi huizima.

Mimi niliona hiyo ni hofu tu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, mwanachama wa klabu ya amani, na Julai yote tulizunguka sokoni tukitoa elimu ya uraia. Ibara ya 33 ya Katiba niliijua kwa moyo: uhuru wa kujieleza hauhusu propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Nilikuwa nikiwaambia akina mama wa mboga kwamba matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni na raia ana haki ya kwenda kuyasoma.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kulisema. Asubuhi ya Alhamisi hiyo ulinifikia ujumbe wa WhatsApp kwamba fomu za shule yetu ya msingi zimebadilishwa kwenye tovuti. Niliusoma nikiwa bado kitandani. Moyo ulinienda mbio, nikausambaza kwenye makundi matatu, na juu yake nikaandika maneno mawili: "Tuwe macho."

Jioni nilimpeleka mdogo wangu kunyolewa. Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa aliposimamisha mashine, akachukua simu yake na kuwasomea waliokuwa kwenye benchi. Alianza kwa sauti ya taratibu: "Tuwe macho." Kisha akausoma ujumbe wote.

Watu waliinuka. Mmoja alisema twende ofisi za tume, mwingine akasema hakuna haja ya kwenda mbali, wenyewe wako hapo ng'ambo wanakula. Alisema bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikasema, "Fomu ziko mlangoni pale shuleni. Twende tukazisome kwanza." Kinyozi alinitazama. "Umeziona?" Sikuwa nimeziona. Julai nzima niliwafundisha watu kwenda kuziangalia, na mimi sikuwa nimekwenda.

Tulikwenda saba, na wawili kutoka hotelini wakatufuata, nadhani kwa kushuku tunachokwenda kufanya. Mlinzi wa shule alikataa kufungua, kisha akakubali kwa sharti kwamba atakuwa nasi. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mdogo wangu, nusu ya kichwa kikiwa na nywele, ndiye aliyepewa tochi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa imejikunja pembeni kwa unyevu. Nilifungua tovuti: kaunti, eneo bunge, wadi, kituo. Picha ilikuwa ikijitokeza kidogokidogo na watu tisa wakanipumulia begani. Kinyozi aliweka kidole kwenye karatasi akawa anasoma tarakimu mojamoja, mimi nikijibu kutoka kwenye simu. Wagombea walikuwa wanne. Kwa wa kwanza tulikubaliana. Kwa wa pili alisoma moja katika nafasi ya makumi, na kwenye simu mimi niliona saba.

"Hiyo hapo," mtu akasema nyuma yangu.

Tochi ilianza kutetemeka. Niliutazama ule mwandiko, msimamizi alikuwa na haraka au alikuwa amechoka, na kwa kweli sikuweza kusema kama ni moja au saba. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na kura 60 pale si kidogo. Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Mmoja wa wale wawili wa hotelini, mhudumu, aproni ikiwa bado kiunoni, akasema, "Jumlisheni."

Chini ya fomu kuna jumla ya kura halali. Kinyozi alitoa simu yake akajumlisha wagombea wanne kwa ile moja. Zikapungua 60. Akajumlisha kwa saba. Zikalingana. Akafuta, akampa mhudumu simu, naye akarudia huku kinyozi akimsomea. Zikalingana. Walifanya hivyo mara tatu, vichwa vyao vikiwa vimeinamia mwanga mmoja, na hakuna aliyezungumza isipokuwa kutaja tarakimu. Kisha tukaenda mlango uliofuata. Milango yote ililingana na tovuti.

Hakuna waliokumbatiana. Njiani kinyozi alisema tu, "Hapa kwetu sawa. Na kwingine?" Sikuwa na jibu. Alimalizia kichwa cha mdogo wangu kimyakimya.

Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha tarehe 5 Septemba. Mtaani kwetu kulikuwa shwari. Ningependa kusema ni kwa sababu ya ile milango, lakini mama anasema watu walikuwa wamechoka, na walioona ya 2008 hawakutaka kuyaona tena. Sina namna ya kumpinga. Makundi yote matatu niliyaandikia kwamba ule ujumbe si wa kweli, nikaweka na picha. Watu wawili walijibu. Wiki iliyofuata ujumbe ulinirudia kutoka kwa jamaa wa Mombasa, na juu yake bado kulikuwa na "Tuwe macho". Kinyozi hajui hadi leo kwamba maneno yale ni yangu.

Nilimsimulia mdogo wangu haya yote jana, pamoja na ujumbe. Alichokumbuka yeye ni siku aliyonyolewa nusu na baridi iliyompiga upande mmoja wa kichwa.

"Kwa hiyo niandike nini?"

Kabla sijajibu, mama alisema kutoka jikoni, "Andika kuzima redio."

Akaandika. Nikamwambia aache nafasi chini yake.

"Mistari mingapi?" akauliza.